Nauza kashata chuo, mtoto wa mteja kavimba mdomo kwa sababu ya karanga. Oda za Krismasi nifanyeje?

Binti_Chimwaga:
Habarini wakubwa kwa wadogo. Niko mwaka wa pili hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), tangu mwaka jana natengeneza kashata za nazi, kashata za karanga na karanga za mayai, nilianza na hela ya bumu, yaani mkopo wa chuo, nikanunua sufuria, sinia moja kubwa na mtungi mdogo wa gesi, napikia kwa dada yangu Ng'ong'ona maana hosteli hawaruhusu kupika. Karanga nachukua soko la Majengo.

Wiki iliyopita mama mmoja wa mtaa wa Kisasa aliniuliza kabisa kama kashata za nazi hazina karanga, mwanae ana aleji. Nikamwambia hazina, na kweli sikuweka. Jioni ananipigia, mtoto midomo imevimba na mwili umetoka vipele, wamemkimbiza hospitali. Yuko salama, namshukuru sana Mungu. Nikarudi kuangalia sinia, kwenye mkunjo wa pembeni kulikuwa na chenga za karanga zimegandia kwenye sukari, za asubuhi ile. Na kisu ni kile kile, nilikifuta tu na kitambaa.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nina oda ya boksi 60 za Krismasi kutoka ofisi moja ya Mtumba, boksi moja nazi na karanga pamoja. Niache karanga kabisa? Na kwa sisi wanafunzi kuna pa kukimbilia tukuze hizi biashara au ni kila mtu na bumu lake?

Nesi_wa_Zamu:
Pole mdogo wangu, na hongera kwa kurudi kuangalia sinia, wengi wangekataa tu. Aleji ya karanga ni mwili unapambana na protini iliyomo kwenye karanga, na ile protini moto hauiui, ukaange ukaushe ipo pale pale. Chenga moja inatosha kwa mtu ambaye mwili wake ni mkali. Kitambaa kikavu kinaisambaza tu, sanitaiza nayo haiiondoi, kinachoondoa ni sabuni na maji, usugue na usuuze, mikono vile vile. Mafuta uliyokaangia karanga za mayai usiyarudie kukaangia kitu kingine ukasema ni salama.

Na hizo karanga za mayai ziangalie vizuri, mle kuna karanga, kuna yai, kuna unga wa ngano, yaani vitu vitatu vinavyosumbua watu kwenye punje moja.

Wote mnaosoma hapa, mtu akila kitu halafu akaanza kukoroma kifuani, sauti ikabadilika, koo linabana, anatapika au anaishiwa nguvu, msikae kumnywesha maziwa. Hospitali hapo hapo. Dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini, vile vidonge vya aleji havitoshi kuokoa mtu koo likishaanza kuziba.

Kaka_wa_Sabasaba:
Mimi naona tofauti kidogo. Karanga ndo hela yako dada, ziko hapa hapa kanda ya kati, nazi unasubiri gari la kutoka pwani. Ukiacha karanga umeua mtaji. Bora uache za nazi, upike karanga tu na kila mtu ajue kwako ni karanga, mwenye aleji atapita mbali.

MamaPacha:
Kaka wa Sabasaba nimekuelewa, na kwa mtu mwenye sufuria moja hiyo nayo ni njia ya kweli. Ila mimi ni mama wa mtoto wa hivyo hivyo nataka kusema kitu. Sisi hatutaki watu waache kuuza karanga, tunataka jibu la kweli. Ukiniambia "sijaweka karanga ila nimepikia jiko lenye karanga" nakushukuru, naenda zangu, na kesho nakuletea wateja wengine. Neno "haina" ndo linatuumiza.

Sikukuu ndo wakati mgumu kuliko wote, mtoto anapewa pipi na kila shangazi. Hata za dukani, zile za msimu zenye umbo la nyota au yai au zile ndogo ndogo za pakiti, zinaweza kuwa zimetengenezwa kiwanda kingine na vitu vyake visifanane na zile za kawaida za jina hilo hilo, kwa hiyo nasoma kila pakiti kila mara hata kama jana nilinunua. Marekani sheria yao inataka vitajwe vitu 9: maziwa, mayai, samaki, kamba na kaa, jamii ya korosho na lozi, karanga, ngano, soya, na ufuta uliongezwa kuanzia 2023. Na kwetu kashata za ufuta zipo kila kona! Kibandiko chako kikitaja hivyo tu kwa Kiswahili umetusaidia sana.

Lingine, usichanganye boksi moja. Nazi na karanga zikikaa pamoja zinaambukizana hata kama ulipika siku tofauti.

Mhitimu_Makulu:
Nilikuwa nauza visheti nikiwa chuo kwa hiyo naongea nililopitia. Nunua sinia ya pili, kisu cha pili na ubao wa pili, tia alama ya rangi, vya nazi visiguse karanga milele. Siku ya nazi iwe ya kwanza, jiko likiwa limeoshwa, karanga zote zikiwa zimefungwa kwenye ndoo chumba kingine. Hata hivyo kwenye kibandiko andika jiko hili linapika karanga.

Kuhusu msaada, nenda SIDO hapa Dodoma, lile shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya usindikaji na ufungashaji, na mjasiriamali mdogo anapitia kwao kupata barua ya utambulisho ya kupeleka TBS (shirika la viwango), maana mambo ya usalama wa chakula yalihamia TBS 2019. Mkiwa kikundi kuna ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, hauna riba, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, anza na afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Ila msaada mkubwa ni wa nyie wateja. Mwanafunzi akikuletea boksi mlipe siku hiyo hiyo. Mimi biashara yangu iliuawa na madeni ya watu wenye mishahara, naliona bado lile daftari.

Binti_Chimwaga:
Nimesoma yote, asanteni kutoka moyoni. Nimeongea na watu wa Mtumba wamekubali boksi zitenganishwe, 40 karanga na 20 nazi, na wametoa nusu ya hela leo, nimeshanunua sinia na kisu vyenye utepe wa kijani. Jumapili naenda Kisasa kumuona yule mama na mwanae, naenda mikono mitupu ya vitu vya kula, nitabeba daftari na kalamu za rangi.

Mhitimu, visheti ulikuwa unafungia kwenye nini visilowe? Mifuko yangu inapitisha hewa.