Tupeane uzoefu: kuhamisha barua pepe kwenda seva mpya bila ofisi kukwama

Mdau wa Nakuru: Wakuu, hamjambo. Natunza mitambo ya sacco moja hapa mjini. Seva ya barua imezeeka, diski iko karibu kujaa, na bodi imekubali tuhame. TTL (muda ambao seva nyingine hukumbuka rekodi kabla ya kuiuliza tena) ya rekodi ya MX (inayoonyesha seva inayopokea barua zetu) nimeishusha mapema kutoka sekunde 86400 hadi 300, ili tukibadilisha watumaji wasishikilie anwani ya zamani siku nzima. Waliowahi kuhama, mlipitia yapi? Wanachama hutuma fomu za mikopo hata usiku.

Fundi Kisumu: Pole kwa kazi, mkuu. Niliihamisha hospitali moja ya huku, na mzigo mkubwa ulikuwa barua za zamani. imapsync, programu ya kunakili barua toka seva moja hadi nyingine, ilinakili polepole huku wahudumu wakiendelea na seva yao kama kawaida. Usiku wa kubadilisha MX tukaiendesha tena, ikachukua mpya tu kwa kuwa huruka zilizokwisha kufika. Seva ya zamani iacheni iwake! Wapo watumaji wataendelea kuigongea hata TTL ikiisha, nasi tulikuwa tukizivuta hizo barua kila asubuhi.

Angalia pia majina ya folda. Mhasibu alikuwa na "Bima 2.2021", na seva mpya hutenganisha folda kwa nukta, hivyo ingeligawa jina hilo kuwa folda mbili. Tulibadilisha majina ya aina hiyo kabla ya kunakili.

Dada wa Kakamega: Kwetu mvua ya jioni ilikuja na radi, stima ikapotea katikati ya zoezi. Mkurugenzi akapiga simu akidhani barua zimepotea. Hazikupotea hata moja. Seva inayotuma isipompata mpokeaji huweka barua kwenye foleni na kujaribu tena. RFC 5321, yaani kanuni za kutuma barua pepe, inasema isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5 hivi. Mimi naogopa zaidi seva iliyo hewani lakini haina akaunti. Hiyo hujibu 550 (yaani anwani hiyo haipo), na barua inarudishwa kwa mwenyewe papo hapo. Kwa hiyo tengeneza akaunti zote kwanza, pamoja na zile anwani za kupokezana kama mikopo@ na malalamiko@. Hizo ndizo husahaulika.

Mdau wa Busia: Barua za kutoka nazo zisisahaulike. IP mpya (namba ya seva mtandaoni) iingie kwenye SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu, kabla ya siku yenyewe, ufunguo wa DKIM (wa kutia barua sahihi) uwe tayari, na anayewapa IP awawekee PTR, rekodi inayotoa jina la seva kutokana na IP yake. Bila hivyo majibu yenu yataangukia kwenye barua taka.

Mdau wa Nakuru: Asanteni sana, hili la 550 limenifungua macho. Na wanaotumia POP, ile ya kushusha barua kwenye kompyuta?

Fundi Kisumu: Hao uwaendee mezani mmoja mmoja. Mara nyingi barua zao zimebaki kwenye kompyuta tu, kwenye seva hakuna cha kunakili. Chukua bekapu ya kila mashine kwanza, kisha uwahamishie IMAP, ambayo huacha barua kwenye seva.

Mdau wa Nakuru: Basi Jumatatu naanza na wa mikopo, ndio wenye barua nyingi.