Mavazi ya mchezo wa muziki: yafuate enzi ya hadithi au yamfuate mwimbaji?

Hoja: hadithi ni ya mwaka 1860. Je, waigizaji wavae kama watu wa wakati ule, hata kama wataimba na kucheza dansi usiku mzima?

FUNDI WA MAVAZI: Yafuate enzi, hasa umbo la nje. Aliyekaa safu ya mwisho haoni mshono, anaona kiuno kiko wapi na sketi imetanuka upande gani. Miaka ya 1860 sketi ilibebwa na gagulo la pete za chuma. Miaka ya 1870 ujazo ukahamia nyuma. Changanya hayo mawili ovyo, na mtazamaji hajui tena yuko mwaka gani.

MWALIMU WA SAUTI: Na pumzi je? Koseti, lile vazi la ndani la kukaza kiuno kwa kamba, inabana mbavu za chini, na hizo ndizo zinazotanuka mtu akivuta pumzi ya kuimba. Akibanwa anapandisha mabega, pumzi inaishia kifuani, noti ndefu inakatika njiani. Ni kumwonea mwimbaji.

FUNDI WA MAVAZI: Tatizo hapo ni vipimo. Mpime akiwa amejaza pumzi, tia lastiki ubavuni, acha nafasi ya sentimita 5 hivi kwenye kamba za mgongoni. Mikono nayo: mshono wa bega wa enzi hiyo ulishuka mkononi, hivyo mcheza dansi akiinua mikono gauni zima linapanda. Shona kipande cha pembe nne cha kitambaa kinachovutika kwapani. Vifungo vya mbele viwe pambo tu, zipu ikae mgongoni, maana kubadili nguo huwa kwa sekunde chache.

FUNDI MITAMBO: Zipu sawa, velkro, ule utepe wa kunasana, hapana! Ikibanduliwa karibu na maiki ukumbi mzima unasikia. Na kofia yenye ukingo mpana hurudisha sauti kwenye maiki ndogo ya kwenye paji la uso, sauti ikabadilika ghafla. Nileteeni kofia kwenye mazoezi, msingoje usiku wa kwanza.

MWONGOZAJI: Kwa nini tung'ang'anie enzi? Katika Hamilton, mchezo wa muziki uliofika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maonyesho za New York, mwaka 2015, mbunifu wa mavazi Paul Tazewell alivalisha karne ya 18 kuanzia shingoni kwenda chini, nywele akaziacha za leo. Watu walielewa.

FUNDI WA MAVAZI: Walielewa kwa sababu kanuni ilikuwa moja na ilishikwa. Wewe umeniomba viatu vya raba kwa kwaya na buti za kamba kwa wahusika wakuu. Kanuni yako ni ipi?