Naomba ushauri: chambo gani cha samaki wadogo kinafaa kwenye kijiko cha chuma? Naenda bwawa la Mtera

Kijana wa Nkuhungu
Mbukwenyi wakuu. Binamu yangu karudi likizo toka Kanada kaniletea boksi la vijiko vya kuvulia, yani vile vipande vya chuma vinavyong'aa vina ndoano ya meno matatu kwa chini, anasema kule wanatoboa barafu juu ya ziwa wanakishusha kwenye tundu, wanakichezesha juu chini mpaka samaki agonge, na kwenye ndoano wanaweka kisamaki. Sasa barafu sisi Dodoma tunaijua ya kwenye friji, ila nimewaza nikiwa kwenye mtumbwi pale Mtera si nashusha wima vilevile? Nataka kambale, perege akija sawa. Shida yangu chambo. Nibebe dagaa wakavu wa Mwanza toka Majengo au nitafute vitoto vya perege vibichi? Na unaweka mzima au unakata? Vijiko vyenyewe vidogo, kirefu kuliko vyote kinalingana na kidole changu cha mwisho.

ChubwiZito
Dagaa wakavu achana nao mkuu. Ukimloweka analainika, ukitikisa mshipi mara mbili kashakatika kiuno, na usipomloweka anavunjika hapohapo unapomchoma ndoano. Labda umsage uchanganye na pumba utengeneze donge la kutupia majini, kwenye kijiko hapana.

Mzee wa Mshipi
Mnajitesa bure vijana. Kambale mpe kipande cha sabuni ya mche au utumbo wa kuku, chubwi, kaa usubiri. Hivyo vijiko wape watoto wachezee 😂

Kijana wa Nkuhungu
Hahaha mzee shikamoo, sabuni naijua, hii nataka kujaribu tu

Mrangi Ughaibuni
Nipo Ontario huku, kwetu Kondoa, msimu wa baridi kazi yangu ndo hiyo, barafu ikifika sentimita 10 ngumu nzuri tunaanza kutembea juu yake. Ngoja nikwambie. Kijiko kimetengenezwa kiyumbe na kumeremeta kikiwa kinashuka, ndo kinachomwita samaki toka mbali. Sasa ukikining'inizia kisamaki kizima kwenye kijiko kidogo kama hicho chako kinashindwa kuyumba, kinazama moja kwa moja kama msumari, hapo umeua kazi yake yote. Ndo maana wengi tunaweka kichwa tu. Unabana kisamaki nyuma ya mashavu kwa kucha, unavuta taratibu mpaka kichwa kitoke na kautumbo kananing'inia, hako usikatoe hako ndo harufu yenyewe, halafu unachoma jino MOJA la ndoano toka chini ya kidevu litokee juu, meno mawili yabaki wazi. Kizima weka ukiwa na kijiko kikubwa unatafuta samaki mkubwa. Na kuchezesha usifanye fujo, inua kama nusu mkono, achia kishuke chenyewe, tulia. Mara nyingi wanagonga kikiwa kimetulia.

ChubwiZito
Hapo kwenye harufu nakuunga mkono, manake Mtera maji yakichafuka kambale hakioni hicho kijiko chako king'ae vipi, yeye anapapasa kwa ndevu na kunusa. Kichwa kiponde kidogo kabla hujashusha. Perege sahau kwenye kijiko, huyo wa mwani, mpe minyoo kwenye ndoano ndogo.

Dada wa Mwaloni
Mimi nauza samaki hapa Mtera, nawaomba msije na vyandarua kukokota vitoto vya perege eti chambo. Uvuvi wa chandarua ni haramu, maafisa uvuvi wakikukuta unaondoka mikono mitupu na kesi juu. Na msibebe samaki hai toka bwawa la Hombolo mkaja kuwamwaga huku. Chukua perege mmoja wa saizi halali asubuhi mitumbwi inapoingia, kata mnofu wa tumboni mwembamba pamoja na ngozi yake, ile ngozi inashika ndoano haichomoki hovyo.

Mrangi Ughaibuni
Dada umemaliza. Huo mnofu wa tumbo na sisi tunatumia, ukate uchongoke kwa chini ucheze ndani ya maji, usizidi nusu ya urefu wa kijiko. Hayo ya kuhamisha chambo hata huku ni kosa, Ontario imegawanywa kanda tangu 2022, chambo cha kanda moja hakiruhusiwi kuvuka kwenda nyingine.

Kijana wa Nkuhungu
Shukrani sana wakuu, basi mnofu wa tumbo. Swali jingine, ile miti mikavu iliyozama pale, hii ndoano ya meno matatu haitaninasia kila saa?

ChubwiZito
Itanasa mpaka uchoke. Itoe na koleo, pale kwenye pete ya chini funga ndoano ya jino moja, mnofu uchome mara moja tu upande mpana. Leseni ulizia ofisi ya uvuvi kabla hujashuka, na huyo mwenye mtumbwi awe mwenyeji anayejua viboko wanakaa wapi.

Mzee wa Mshipi
Sabuni nayo ubebe.