Tupeane uzoefu: mnaofuma zawadi za sikukuu mwaka mzima, mnapangaje?

uzi_mrefu

Wadau wa sindano habari zenu. Mada hii naileta mapema makusudi kabisa, maana ukifika mwezi wa kumi na moja hakuna atakaejibu, wote mtakua mmeinama mnakimbizana na mikono ya sweta. Mi nilishahamia kwenye mtindo wa kufuma mwaka mzima, kidogo kidogo, na kurudi kule kwa kukesha sitaki hata kusikia. Ila najua kila mtu ana utaratibu wake hivyo tupeane uzoefu: mnaanza lini, mnaanza na nini, na mnaamuaje nani afumiwe na nani anunuliwe tu kitu dukani na aridhike.

Naanza mwenyewe. Kilichonisaidia kuliko vyote ni hesabu. Wengi tunapanga kwa kuhesabu watu, oh nina watu kumi na miezi kumi na mbili, mbona muda upo kibao. Kumbe cha kuhesabu ni vitanzi. Chukua uzi wa kawaida wa unene wa kati, unaotoa kama vitanzi 20 na mistari 28 kwenye kila sentimita 10. Kofia ya mtu mzima hapo ni vitanzi 100 kuzunguka, mistari kama 60, jumla 6,000. Ukiwa na mwendo wa vitanzi 20 kwa dakika hiyo ni saa tano. Sasa njoo kwenye skafu ambayo kila mtu anaiita kazi rahisi: upana sentimita 20, urefu sentimita 170, hapo ni vitanzi 40 mara mistari 476, yani zaidi ya 19,000! Skafu moja ni kofia tatu jamani. Na sweta la mtu mzima, mwili na mikono yake yote, linacheza kwenye 50,000, zaidi ya saa 40 za sindano tupu kabla hujaunganisha chochote. Nikishapata hizo namba ndo nakaa na orodha ya majina, na hapo orodha huwa inapungua yenyewe bila kumwonea mtu.

Njia ya kuipunguza hiyo skafu ni uzi mnene. Ukitumia ule wa vitanzi 12 na mistari 16 kwa sentimita 10, skafu ileile inashuka mpaka vitanzi 6,500 hivi, inakua karibu sawa na kofia. Haya karibuni.

MamaSoksi

Asante kwa mada dada. Mi jina langu linajieleza, nafuma soksi tu na kila mtu kwangu anapata soksi, sina mjadala. Uzuri wa soksi ni kwamba zinaingia kwenye mkoba, nafuma kwenye foleni, nafuma nikisubiri watoto, nafuma kwenye vikao (vile vikao mnavyovijua ambavyo ingetosha kutuma ujumbe). Kazi kubwa kama blanketi haitoki nyumbani, hiyo ni ya usiku, ila soksi inasafiri na wewe na hizo dakika kumi kumi ndo zinamaliza zawadi.

Shida ya soksi kila mtu anaijua, unamaliza ya kwanza unajisikia umemaliza kazi, ya pili inakaa kwenye droo mpaka uisahau. Mi nazifuma zote mbili kwa pamoja kwenye sindano moja ya mviringo yenye waya mrefu, kila upande una kidonge chake cha uzi, zinaisha siku moja na zinatoka sawa kwa urefu bila kuhesabu mistari mara mbili. Uzi wa soksi gramu 100 una kama mita 400 na unatosha jozi ya mtu mzima. Na usifume soksi kwa kipimo kamili cha mguu, punguza kama asilimia 10, mguu wenye mzunguko wa sentimita 23 soksi yake iwe 21 hivi, la sivyo itashuka na kujikunja ndani ya kiatu.

Kupata vipimo bila kuuliza: tazama namba ya kiatu pale mlangoni wageni wakivua. Nikishaiona naingia chumbani naandika kwenye daftari. Hakuna aliewahi kunishtukia.

Mzee wa Sindano

Mimi naenda kinyume kidogo na wote. Mimi sifumi kwa jina. Nafuma tu ninachojisikia kufuma mwaka mzima, kofia, glovu, vitambaa vya jikoni, vyote naweka kwenye sanduku, sikukuu ikikaribia nafungua sanduku ndo nagawa kwa kuangalia nini kinamfaa nani. Hakuna presha hata kidogo. Kichwa cha mtu mzima kwa kawaida kiko kati ya sentimita 54 na 58, kofia ikiwa na ubavu wa kuvutika (ile mistari mistari ya ukingoni) inawaingia karibu wote, sasa ya nini kuanza kupima watu vichwa? Ukiwa na sanduku hata akitokea mtu ambae hukumtegemea una kitu cha kumpa.

kitanzi_kimoja

Mzee shikamoo, ila hapo nakataa kwa heshima. Zawadi ya sandukuni inajulikana tu. Nilishawahi kupewa kofia ya rangi ambayo kila anaenijua anajua siivai, nikaelewa hii ilikua inatafuta kichwa popote. Mi nikifuma kitu namuwaza mtu kuanzia kuchagua uzi mpaka nafunga kitanzi cha mwisho, na ndo raha yenyewe ilipo. Kama ni kugawa tu si bora kununua.

Mzee wa Sindano

Marahaba binti. Nimekuelewa, ila wewe unafumia watu wangapi? Watatu? Mimi nina wajukuu, wakwe, majirani na wale wa kwenye ibada. Nikianza kuwaza kila mmoja nitakua nawaza mpaka sikukuu ipite.

uzi_mrefu

Hahaha hapo mmegusa penyewe. Mi nimechanganya: wale wa karibu kabisa wana majina yao kwenye daftari, wengine wote ni sanduku la Mzee. Na kitanzi ana hoja kwenye rangi, ndo maana kwenye sanduku naweka rangi tulivu tu, kijivu, bluu nzito, kahawia, hizo hazigombani na mtu.

dada_kidonge

Naomba nichangie kwenye kununua uzi maana hapa ndo mipango ya mwaka mzima inapofia. Ukipanga kufuma sweta mwezi wa pili ulimalize mwezi wa nane, uzi nunua wote siku moja. Kwenye karatasi ya kidonge kuna namba ya rangi na kuna namba ya mkupuo wa kutiwa rangi, zote mbili lazima zifanane. Rangi inaweza kua ileile kwa jina lakini mkupuo tofauti, dukani huoni kitu, ukishafuma unaona kabisa mstari kifuani ambapo uzi wa zamani umeishia. Chukua kidonge kimoja cha ziada, kikibaki kinakua kofia ya mtoto.

La pili ni kujua nani anafuaje. Wifi yangu nilimfumia sweta la sufu halisi, zuri mno, akalitupa kwenye mashine na maji ya moto pamoja na mashuka. Lilitoka dogo na gumu, halivutiki, sasa hivi analivaa mwanasesere wa mwanae. Sufu nyuzinyuzi zake zina magamba, zikipata joto, sabuni na misukosuko zinashikana na haziachiani tena. Simlaumu, nani alimwambia? Tangu hapo kwa watu wa kutumbukiza kila kitu mashineni nafuma akriliki (uzi wa kiwandani, sio sufu) au ile sufu iliyotibiwa isishikane, na kila zawadi ina kikaratasi cha jinsi ya kufua. Akriliki nayo ina masharti yake, usiipige pasi ya moto, inalegea na hairudi tena.

Na mkiweka vitu sandukuni miezi yote hiyo vifueni kwanza, vikauke kabisa, ndo viingie kwenye mfuko unaofungwa vizuri. Nondo wanapenda sufu na wanapenda zaidi yenye jasho na madoa. Mzee wa Sindano hapo nakuangalia wewe na sanduku lako.

mwezi_mwandamo

Assalaam aleikum. Kwetu tunaofuma kwa ajili ya Idi mambo ni mengine kidogo maana sikukuu yenyewe haitulii, kila mwaka inawahi kwa kama siku 11 kwenye kalenda ya kawaida. Ukisema ntaanza mwezi uleule nilioanza mwaka jana umeshapoteza wiki na nusu. Mie napanga kurudi nyuma, nakadiria Idi itaangukia wapi kisha nahesabu miezi kuja nilipo, na siku mbili tatu naziacha wazi kwa sababu ya mwandamo. Halafu nikiingia Ramadhani siachi kazi ngumu yoyote, imebaki kukata nyuzi na kuficha ncha tu.

Kitu kingine ambacho hamkifikirii: Idi inazunguka majira yote ndani ya miaka kama 33. Kwa hiyo kuna miaka inaangukia baridi, nafuma masweta, na kuna miaka inaangukia joto, hapo nahamia kwenye pamba, mitandio mepesi na vikofia vya watoto. Ukimpa mtu sweta zito kwenye joto atashukuru kwa mdomo tu.

kitanzi_kimoja

Waaleikum salaam. Hili la watoto ulilogusia naongezea. Mtoto usimpime leo, mpime wa siku ya kupokea. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama sentimita 35, akitimiza mwaka kinakaribia 46, sasa ukifuma kofia mwezi wa tatu kwa kichwa unachokiona itaishia kua ya mdoli. Mi zawadi za wakubwa naziweka mwanzoni mwa mwaka, wakubwa hawakui (hata wakinenepa sweta linavutika), watoto nawaacha miezi ya mwisho na bado naongeza saizi moja. Na kwa wachanga msiweke vifungo vya kuchomoka wala mashimo makubwa ya urembo kwenye blanketi, vidole vinanasa.

mgeni2

Hodi humu ndani. Naombeni msaada, mi najua mshono wa kawaida tu basi, na nataka mwaka huu nifume zawadi zote mwenyewe. Nianze na skafu?

uzi_mrefu

Karibu sana. Usianze na skafu, rudi juu usome ile hesabu, utachoka katikati na uchukie kufuma. Anza na vitambaa vya pamba vya kuoshea vyombo, mraba mdogo tu, jioni mbili umemaliza, ukikosea hakuna anaejali na ukifunga vitatu kwa utepe ni zawadi ya heshima. Halafu kofia. "Zote mwenyewe" iache kwanza, chagua watu wachache.

Na fuma sampuli. Najua inachosha, najua. Kipande cha sentimita 15 hivi, kifue kama kitakavyofuliwa, kikauke, ndo upime katikati. Patani (yale maelekezo ya kufuma) ikisema vitanzi 20 kwa sentimita 10 na wewe mkono wako unabana unatoa 22, sweta la sentimita 100 kifuani litatoka 91. Hiyo tofauti ya vitanzi viwili huioni kwa macho lakini mwenye kifua ataiona.

mpokeaji_tu

Mi sifumi, nimepita tu, ila dada yangu anafuma na nawaambia kutoka upande wa pili. Mwaka mmoja nilifungua boksi nikakuta sweta lenye mkono mmoja, wa pili uko nusu na sindano bado imo, na kadi imeandikwa "usivute uzi". Nililipenda hivyohivyo na kila alieingia siku ile alilijaribu, hadi baba. Mkono wa pili ulikuja mwezi wa tatu baridi imeshaisha. Kwa hiyo msijiue, kama haijaisha mpeni tu mtu kilichopo.

MamaSoksi

😂😂 "usivute uzi". Huyo dada yako aje humu.

Ila mnaokimbiza mwishoni tunzeni mikono. Mpango wa mwaka mzima mi niliuanza kwa sababu ya kiganja sio kwa sababu ya muda. Kila nusu saa naweka chini, nanyoosha vidole, nazungusha kiwiko. Maumivu yakija unapumzika, usisubiri ganzi.

dada_kidonge

Na mtenge muda wa kumalizia, watu wanausahau. Kuficha ncha, kuunganisha mabega, kulowesha, kutandaza kwenye taulo kwa vipimo vyake, sweta nene linaweza kuchukua siku kadhaa kukauka. Mi mwezi wa mwisho sianzishi kitu kipya hata nibembelezwe.

mgeni2

Asanteni sana, nimeshaandika kila kitu. Swali la mwisho, msinicheke. Vipi ukigombana na mtu umefika katikati ya sweta lake?

Mzee wa Sindano

Fumua. Uzi uzungushe kwenye kiti uwe fungu refu, ufunge sehemu tatu nne usijisokote, ulowe kwenye maji ya uvuguvugu, uning'inize ukauke. Mikunjo yote inaondoka. Anza upya na saizi ya mtu mwingine.

kitanzi_kimoja

Mzee una roho ngumu wewe! Mi naliweka kwenye mfuko nafuma ya wengine kwanza. Mwaka mrefu huu, mtakua mmeshapatana kabla hujafika kwenye mikono.