Naomba ushauri: besi hii ni besi gani?
Habari zenu ndugu, mwenzenu nimekwama. Nafundisha tuisheni watoto wa S4 (kidato cha nne) hapa Arua, Uganda, juzi nikawaambia besi ni kitu kinachopokea protoni (ioni ya hidrojeni, H⁺), mfano amonia, karatasi ya litmasi nyekundu inageuka bluu, wakaelewa vizuri tu. Sasa kwenye bayolojia wanakuta besi 4 za DNA (kemikali inayobeba urithi), adenini, guanini, sitosini na thaimini, na DNA yenyewe eti ni asidi! Hesabu nayo ina logi ya besi 10, ile ile ya pH (kipimo cha uasidi). Nimejaribu kuwachorea, wapi, mmoja akauliza kama DNA inachoma kama kostiki ya sabuni, nikacheka maana jibu sina.

Hizo za DNA zinaitwa besi sababu nitrojeni yake inapokea protoni au ni jina tu? Na ile ya logi niiteje wasichanganye?