Mapazia ya kampavani: tuanze na kitambaa au tuanze na namna ya kuyafunga?

Njia_Ndefu

Wakuu habarini. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mnaosafiri na magari ya kulala humo humo ndani. Nina vani ndefu ya bati ambayo tumeigeuza kuwa nyumba, kitanda kipo nyuma, jiko dogo la gesi lipo pembeni ya dirisha la mlango wa kusukuma, na viti vya mbele vinazunguka kwa hiyo kabini ya dereva nayo inakuwa sebule tukishapaki. Kazi yote imeisha, bado mapazia tu, na hapo ndo tumekwama.

Madirisha ya pembeni hayajasimama wima. Ukuta unaegemea ndani kadiri unavyopanda, sasa ukishika kitambaa pale juu kama pazia la kawaida la nyumbani, kule chini kinakaa mbali na kioo na gari likikata kona kinapepea chote. Tunachotaka ni giza la kutosha kulala hata mchana, mtu wa nje asituone usiku taa zikiwaka, joto lipungue jua likiwa kali, na baridi isitutese. Halafu kisiwe kitu cha kuokota sakafuni kila tukipita barabara mbovu.

Mke wangu ni fundi cherehani mzuri kwa hiyo kushona siyo tatizo, na kuna kitambaa cha pamba amekipenda ila nimemwomba asikate kwanza mpaka niulize. Kitambaa gani kinafaa na mnafunga kwa kutumia nini, fimbo, reli, waya, sumaku? Karibuni.

fundi wa mahema

Mkuu umefanya vizuri sana kusubiri, maana kwenye gari namna ya kufunga ndo inaamua kitambaa, siyo kitambaa kinaamua namna ya kufunga. Nyumbani unanunua kitambaa unachopenda halafu fimbo yoyote itakibeba, ila kwenye gari ukuta umepinda, kila kitu kinatikisika na nafasi ni ndogo, kwa hiyo anza na ukuta.

Kwa ukuta unaoegemea kama huo wako dawa yake ni kushika pazia juu NA chini. Fimbo mbili nyembamba za milimita 10 au 12, moja juu ya dirisha na nyingine chini yake, pazia unalishonea mfuko kwenye pindo la juu na pindo la chini, fimbo zinapita humo na kitambaa kinafuata mteremko wa ukuta bila kuachana nao. Kufungua unalisukuma pembeni kwenye fimbo zote mbili na kulifunga na kamba yake. Hapo hata upige kona vipi halipepei.

Badala ya fimbo unaweza kutumia ule waya wa springi uliovikwa plastiki, unakatwa kwa urefu unaotaka na kufungwa ndoano kila mwisho. Ni mwepesi na haugongi gongi. Ila kwenye dirisha pana unalegea katikati, kwa hiyo ukizidi kama mita moja weka ndoano nyingine kati. Ukate mfupi kidogo kuliko nafasi yenyewe ili ukivutwa ukaze. Zile fimbo za kujibana zenyewe kwa springi bila skrubu achana nazo, zinashika vizuri gari likiwa limesimama tu, mtikisiko ukianza zinajilegeza taratibu mpaka zinaanguka.

Kuhusu skrubu, hapa nakusihi uwe makini. Kati ya ubao wa ndani na bati la nje nafasi siyo kubwa, na nyaya za umeme mara nyingi zimepitishwa humo humo pembeni ya mbavu za gari. Jua kwanza nyaya zako zimepita wapi. Tumia skrubu fupi, na kwenye drili zungusha utepe kwenye ncha kuonyesha mwisho wa kina ili isizame ikatoboa nje. Tafuta ubavu wa chuma ufungie hapo, ubao mwembamba peke yake hautavumilia kuvutwa kila siku, tundu litapanuka.

Vipimo sasa. Tuseme dirisha lina upana wa sm 90 na urefu wa sm 50. Upana ongeza sm 8 kila upande ili mwanga usipenye pembeni, inakuwa 106. Zidisha mara moja na nusu kupata mikunjo, 159. Watu wanapenda mara mbili kama nyumbani lakini kwenye gari hilo furushi ukilisukuma pembeni linakula nusu ya dirisha. Gawa vipande viwili, kila kimoja 79.5 na uongeze sm 3 kila ukingo za kupinda, unakata 85.5. Urefu, weka sm 5 juu ya dirisha na 8 chini, jumla 63, halafu sm 4 juu na 4 chini za mifuko ya fimbo, unakata 71. Na hiyo pamba ifueni na kuipiga pasi KABLA ya kukata, pamba inarudi, asilimia 3 hadi 5 ni kawaida na kwenye urefu wa 71 hizo ni kama sm 3, pazia linaacha uwazi kule chini.

sumaku_tu

Naheshimu fimbo lakini kwa kuwa gari lako ni la bati la chuma mimi naona sumaku ndo kila kitu, hutoboi popote, pazia linabana ukingo mzima mwanga haupiti hata kidogo. Unashonea sumaku ndogo za neodimiamu, zile zenye nguvu sana, kwenye pindo kila baada ya sm 10 hivi, kila moja kwenye kimfuko chake ili isihame. Ukimaliza kulala unabandua unakunja unaweka chini ya godoro.

Ila pima kwanza pale ambapo pazia litashika, pitisha sumaku moja kuzunguka dirisha lote. Ukishaweka ubao na kapeti juu ya bati nguvu inapungua sana maana sumaku ikisogea mbali na chuma hata kwa milimita chache inalegea. Kama umefunika kote inabidi ubandike vipande vyembamba vya chuma chini ya kapeti. Na kwa wengine mtakaosoma hapa, magari yenye mwili wa faiba au alumini sumaku haishiki kabisa, msinunue.

Cha kuzingatia kingine ni joto, hizi sumaku za kawaida zikipita nyuzi 80 za Selsiasi zinaanza kupoteza nguvu moja kwa moja, hazirudi. Kwa hiyo msiziache zimelala juu ya dashibodi juani.

Mama Pacha

Naunga mkono sumaku kwa madirisha ya nyuma ila kwa mwenye watoto wadogo hapana, au ishonwe kushona kweli kweli, mishono miwili na kukaguliwa kila baada ya kufua. Mtoto akimeza sumaku mbili hivi zinavutana humo tumboni zikabana utumbo kati yake, ni jambo la kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo bila kusubiri dalili. Siwatishi ila hizi zenye nguvu siyo sawa na zile za kubandika kwenye friji.

Halafu nimeona hakuna aliyegusa lile jiko. Kaka, hilo dirisha la mlango wa kusukuma usiliwekee pazia la kuning'inia kabisa. Pamba inashika moto haraka na mwali unapanda, poliesta inayeyuka na kudondosha matone yanayowaka, na kwenye gari kutoka kwenye jiko mpaka kitandani ni hatua mbili. Pale weka pazia la kukunjwa juu kwenye roli, unapopika linakuwa juu kabisa, haliguswi na mvuke wala mafuta. Kama muuzaji anasema kitambaa kinafaa kwa ndani ya magari muulize kimepimwa kwa kiwango gani. Cha Marekani ni FMVSS 302, ambacho kinataka moto usisambae kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Hiyo haina maana hakiungui, ina maana kinaungua polepole upate muda wa kutoka. Kwa hiyo hata ukikipata bado kiwe mbali na moto.

Na kama gari lina dirisha la kutokea dharura, pazia lake lifunguke kwa mkono mmoja gizani. Usilikaze na skrubu wala vifungo vya kubana kila kona.

Njia_Ndefu

Dah asanteni sana, hii imenisaidia mno. Ya jiko tutafanya kama alivyosema Mama Pacha, roli. Sumaku sina uhakika maana tumefunika na ubao kote kwa hiyo naona fimbo mbili. Sasa kitambaa chenyewe? Na joto, kuna mtu kaniambia niweke zile shiti za foili zenye mapovu kwenye kila dirisha halafu pazia juu yake, ni kweli zinasaidia au ni maneno?

Bonde na Mlima

Zinasaidia, lakini inategemea zimewekwa wapi. Jua likishapita kioo joto limeshaingia, unachofanya hapo ni kurudisha kiasi chake. Kwa hiyo kizuri zaidi ni kufunika kioo kwa NJE, hasa kioo cha mbele ambacho ndo kikubwa na kimelala kinakula jua siku nzima. Turubai la kioo cha mbele unalibana na milango miwili ya mbele na hakuna mtu wa kulivuta. Kama lazima iwe ndani basi upande unaong'aa uangalie nje na ukate kwa umbo la dirisha, tumia karatasi kuchora kwanza, zidisha sentimita moja kuzunguka ili ijibane yenyewe kwenye fremu.

Tahadhari kwa wenye madirisha ya plastiki yale mepesi ya akriliki yenye kuta mbili: ukilibandikia kitu kizito au cheusi kwa ndani jua likiwa kali, joto linanaswa katikati na dirisha linaweza kupinda au kupasuka nyufa ndogo ndogo. Acha uwazi kidogo juu hewa ipite. Kioo cha kawaida hakina shida hiyo.

Kitambaa sasa. Mimi nasema tabaka mbili: upande wa ndani hiyo pamba mama aliyoipenda, upande wa kioo bitana ya kuzuia mwanga yenye rangi nyeupe au kijivu hafifu. Nyeupe inarudisha jua, nyeusi inalinyonya na kulitoa humo ndani usiku kucha. Bitana isiwe ile inayokakamaa kama karatasi maana haitajikunja vizuri kwenye fimbo nyembamba, na kila tundu la sindano mwanga unapenya kama nyota, kwa hiyo mishono iwe michache na iwe pembeni. Kabla ya kununua kata kipande kidogo, weka tochi ya simu nyuma yake chumba kikiwa giza. Kama unaona umbo la taa, usiku mtu wa nje atakuona na wewe.

Kwa baridi jambo ni lingine na hapa wengi hawapaangalii. Pazia zito linazuia joto la ndani lisifike kwenye kioo, kwa hiyo kioo kinakuwa baridi zaidi, na unyevu wa pumzi zenu unapita pembeni ya pazia unageuka hapo kuwa maji. Asubuhi bitana imelowa kule chini na baada ya muda kuvu nyeusi zinaota. Dawa siyo kuondoa pazia, dawa ni kuacha kidirisha cha paa wazi kidogo usiku hata kama kuna baridi, pindo la chini lisilale kwenye fremu ya dirisha, na asubuhi fungua yote na ufute vioo kwanza kabla ya kuendesha. Ndo maana pia napenda mapazia yanayochomoka kirahisi kwenda kufuliwa.

fundi wa mahema

Bonde na Mlima kamaliza. Naongezea tu kuhusu zile velkro za kujibandika kwa gundi, jua likipiga gundi inalainika inateleza. Upande wa kitambaa ushonwe, upande wa ukuta upigwe pini au skrubu ndogo. Vinginevyo kila kiangazi utakuwa unabandika upya.

Njia_Ndefu

Nimeelewa wakuu. La mwisho: mbele kule kwenye kabini, niweke pazia la kuzunguka vioo vyote vitatu au pazia moja la kutenganisha kabini na sehemu ya kulala?

Bonde na Mlima

Kama viti vinazunguka na mnakaa huko jioni basi vyote viwili, ila ukiniambia nichague moja nachukua la kutenganisha. Kabini ndo inapoteza joto kuliko sehemu yote ya gari, vioo vikubwa na milango myembamba, ukiifungia nje mnabaki na chumba kidogo rahisi kupasha. Reli ya plastiki inayopindika ifungwe kwenye paa ifuate mkunjo wake, pazia zito lifike mpaka sakafuni na liingie kidogo nyuma ya viti.

Mama Pacha

Na kabla ya kutoboa chochote huko mbele angalia nguzo za pembeni na ukingo wa paa, magari mengi ya sasa yana mifuko ya hewa imefichwa pale, ile inayoshuka kama pazia ikigongwa. Kuna maandishi AIRBAG yamechapwa kwenye plastiki. Hapo hakuna skrubu, hakuna reli, hata ndoano ya kubandika hapana. Mikanda ya viti nayo isipitiwe na kitambaa. Na kila kilichoko mbele kitoke chote kabla ya kuwasha gari, siyo kusukumwa pembeni, kitoke, dereva aone vioo vyake vyote.

Njia_Ndefu

Nimetoka kuangalia sasa hivi, maandishi yapo kwenye nguzo zote mbili na juu ya milango. Basi reli ninaisogeza nyuma ya viti kwenye ubavu wa kwanza wa paa. Pamba imeshaloweshwa, ikikauka tunapima upya.