Tupeane uzoefu: Ukiwa tegemeo la ukoo mzima, unaitunzaje akili yako?

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wale waliosomeshwa kwa nguvu ya ukoo.

Mimi ndiye wa kwanza kwetu kufika chuo kikuu. Baba mdogo aliuza ng'ombe, mama akakopa kwenye kikoba. Nilipopata ajira, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla sijaushika, na kinachobaki kina wenyewe: ada za wadogo, bati za bibi, michango ya harusi. Nikaanza kushtuka usiku wa manane moyo ukienda mbio, tumbo linaunguza. Nilimeza dawa za vidonda vya tumbo kwa muda mrefu bila nafuu, mpaka daktari mmoja akaniuliza, "Usingizi unapata?" Nikalia palepale. Akanielekeza kliniki ya afya ya akili.

Kilichonipa ahueni zaidi ni kumwonyesha mama karatasi ya mshahara. Alipitisha kidole kwenye kila mstari wa makato, kisha akasema, "Kumbe mwanangu unabaki na hii tu?" Tangu siku hiyo yeye ndiye anawajibu ndugu.

Nanyi je?

Mwl wa Kidato
Kwa wanafunzi suala hili la presha linaanza mapema. Baraza la Mitihani (NECTA) waliacha kutangaza shule na watahiniwa bora Januari 2023, nami niliunga mkono kwa moyo wote. Lakini mashuleni orodha ya nafasi bado inabandikwa ukutani. Nina binti anatapika kila asubuhi ya mtihani wa moko (wa majaribio), na ana akili sana yule mtoto. Wazazi wake nimewaita, wameniuliza atapata divisheni ngapi.

Dada wa Muscat
Mimi nafanya kazi za ndani huku Oman. Nikipiga simu nyumbani naulizwa nyumba imefikia wapi. Mimi mwenyewe siulizwi.

Mzee wa Kazi
Mimi presha ya kufaulu ilinitoa kimaisha, siwezi kuikana. Ila kaka yangu tuliyelala naye kitanda kimoja alifeli kidato cha sita, na sikukuu zote haji nyumbani. Kwa hiyo sithubutu kumwambia mtu akaze tu.

Mleta uzi
Dada wa Muscat, pole sana. Wewe mwenyewe unaendeleaje? Una mtu wa kuongea naye huko?

Dada wa Muscat
Yupo mmoja wa Tanga, jirani. Leo nitamgongea.